Usiivute Karatasi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, tulikuwa hawa katika karakana ya chini ya nyumba moja ya Etterbeek, Ubelgiji: mzee Morita, Mjapani, fundi wa picha za chapa ya mbao, mwenye karakana, mimi Zaina, msaidizi wake, mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa sekondari, Mwajuma, kitinda mimba wetu, amekalia ndoo iliyogeuzwa, mjomba Rashidi, kaka wa marehemu mama yetu, bado amevaa koti la kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest, na maman Kabwe, jirani yetu mzaliwa wa Lubumbashi, aliyeleta sahani ya maandazi kisha akakataa kuondoka. Mzee Morita na mjomba Rashidi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sisi wengine tupo, na tukikutana sikukuu, siku ile haikosi kutajwa.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Tulizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine katika ile miaka mibaya ya vita, nilikuwa darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza shule. Niliamka tu asubuhi moja nikaona kwamba nikienda darasani hakuna atakayewasha moto, basi nikawasha moto. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Wengi wetu tuliacha shule kwa namna hiyo, mwanangu, bila kusema kwamba tumeacha. Lakini moyoni nilijiwekea amri moja: hawa wawili hawataacha, hata iweje.

Mjomba alipotuita Ubelgiji nilianza kazi ya kusafisha ngazi za majengo. Mzee Morita aliishi katika mojawapo ya majengo hayo. Siku moja alisimama juu ya ngazi akaniangalia nikikamua tambara la kudekia, akaniuliza kwa Kifaransa chake cha polepole, "Nani alikufundisha kukamua hivyo?" Nikamwambia hakuna, ni tambara tu. Akasema ninaliacha na maji ya kutosha, hayazidi wala hayapungui, na kwamba yeye anatafuta mtu wa kulowesha karatasi. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo mpaka leo inanilisha.

Watu wakiona picha ya Kijapani hudhani mtu mmoja aliketi na burashi akaichora yote. Sivyo. Mchoraji huchora mistari kwenye karatasi. Mchongaji huibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mti wa cheri na kuchonga kando ya kila mstari, mpaka mstari ubaki umesimama peke yake. Kisha kila rangi hupewa ubao wake. Mpiga chapa ndiye wa mwisho: hupaka rangi na gundi ya mchele juu ya ubao, huilaza karatasi kifudifudi, na kuisugua mgongoni kwa kidude bapa cha duara, kilichosukwa kwa nyuzi za mwanzi na kufungwa ndani ya ganda lake. Kidude hicho huitwa baren. Karatasi ile ile hutoka ubao huu ikaenda ubao ule, mpaka rangi zote ziishe.

Sasa karatasi itajuaje pa kulala, ili nyekundu ianguke kwenye mapezi ya samaki na isianguke majini? Ni kwa alama. Pembeni mwa kila ubao, nje ya picha, kuna kona ndogo iliyochongwa, na mbele yake kuna mstari mfupi wa pili. Unaingiza pembe ya karatasi katika kona, unaegemeza ukingo kwenye ule mstari, ndipo unaishusha. Alama hiyo haipakwi rangi, na picha ikishakamilika huioni popote.

Niliipenda alama ile kuliko kitu chochote karakanani. Nilijiona mimi mwenyewe pale. Mimi simo katika picha, nilijiambia, lakini Hamisi na Mwajuma wakikaa sawa, ni kwa sababu mimi nimesimama nilipo na sijatikisika.

Basi, mjomba alikuwa ameitisha kikao cha familia Jumamosi ile. Nilimwambia haiwezekani: karatasi zimeloweshwa tangu jana, na karatasi iliyoloweshwa haimngoji mtu. Ikikauka inasinyaa, ikikaa siku nyingi inaota ukungu.

"Donc tutakuja huko huko kwenye karatasi zako," mjomba akasema.

Na kweli wakaja. Mjomba alipofika chini alijikumbatia mabega. "Hapa ni kazini au ni kaburini?" akauliza, na kabla sijamjibu alikwisha kuifungua radiata, ile ya kupasha nyumba joto, mpaka mwisho. Mzee Morita aliona. Akaiacha hivyo hivyo, maana mgeni ni mgeni hata kwa Wajapani.

Picha tuliyokuwa tukiipiga chapa ilikuwa ya samaki mnene wa mtoni, mwenye masharubu, anayepanda maporomoko ya maji. Mistari myeusi tulikuwa tumekwisha kuipiga, na nyekundu ya mapezi pia. Siku ile ilikuwa zamu ya bluu. Mjomba akaichukua karatasi moja iliyokwisha kupigwa bluu, akaisogeza machoni.

"Huyu samaki amepotea njia," akasema. "Kwetu ziwani Tanganyika, mukeke anajua anakokwenda. Anakwenda kwenye sahani."

Maman Kabwe akaangua kicheko. Mzee Morita akaomba atafsiriwe, naye akacheka, akatueleza. Kwao samaki huyu hutundikwa katika nyumba yenye mtoto wa kiume. Husimuliwa kwamba anapanda kinyume cha maji, na akifika juu kabisa anageuka joka, na joka kwao ni kitu cha heri. Kisha akamwita Mwajuma, akamwonyesha kwamba maporomoko yenyewe hayakupigwa chapa hata kidogo. Ile nyeupe ni karatasi tupu. Bluu iliyo pembeni ndiyo inayokufanya uone maji yakianguka. Juu bluu imekolea, na kadiri inavyoshuka inafifia, kwa sababu fundi huupangusa ubao kwa burashi yenye maji kabla ya kulaza karatasi. Akainamisha karatasi kuelekea dirishani, na magamba yakatokea mgongoni mwa samaki, madogo madogo, hayana rangi yoyote. Hayo yalikuwa yamekandamizwa kwa ubao mkavu. Ukiitazama picha wima huyaoni.

"Mbona samaki hajafika juu?" Mwajuma akauliza.

"Hachorwi akiwa amefika," mzee akajibu. "Katika picha hii yuko katikati ya maji siku zote."

Mjomba alikuwa akingoja nafasi, akaipata hapo. "Unaona, Zaina? Hata Wajapani wanajua. Mtoto wa kiume anapanda."

"Anapanda akiwa amemaliza shule, mjomba."

"Na huyu samaki ana diplôme?"

Mwajuma alicheka hadi andazi likampalia, ikabidi maman Kabwe ampige mgongoni.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mjomba alikuwa amemwombea Hamisi nafasi kiwandani, na msimamizi wake alitaka jibu Jumatatu asubuhi. Nafasi kama ile, mjomba alisema, watu wanailalia mlangoni. Mshahara unaingia kila mwezi, una likizo, una bima. Hamisi akisema hapana, kuna vijana wengine wengi wanaosubiri. Nami nilikuwa nimekwisha kusema hapana kwa niaba yake, kwa simu, tena zaidi ya mara moja. Niliendelea kulaza karatasi na kusugua, nikisema tena hapana bila kuinua kichwa.

"Mi naona munamugombania mutoto kama nguo ya solde, ya bei ya kushuka, pale madukani Porte de Namur," maman Kabwe akasema. "Huyu anavuta mukono, huyu anavuta mukono. Alors, yeye mwenyewe anasema nini?"

Tukamgeukia Hamisi. Alikuwa ameegemea rafu ya mbao, mrefu kuliko sisi sote, anachokonoa kucha.

"Nataka kwenda," akasema.

"Shule?"

"Kiwandani, dada."

Nikalaza karatasi nyingine. Nilipoiinua nikaona bluu imepanda juu ya mgongo wa samaki. Nikalaza nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nikadhani ninailaza vibaya, nikaanza kuivuta kila karatasi kwa vidole gumba ili ifike kwenye rangi. Na huku navuta, nikamwambia mdogo wangu neno ambalo mpaka leo ninalisikia masikioni: "Wazazi wako hawakufa ili wewe ukakaze bolti za magari."

"Wala hawakufa ili wewe uoshe ngazi za watu," Hamisi akajibu.

Hakupaza sauti. Nikavuta tena, na karatasi ikachanika pembeni.

Mkono wa mzee Morita ukaja juu ya mkono wangu, ukaukandamiza pale pale ubaoni.

"Unafanya nini?"

"Karatasi haifiki kwenye rangi. Ninaivuta ifike."

"Usiivute karatasi." Alisema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kijapani, jambo ambalo hakulifanya ila akiudhika. "Humu ndani kuna joto. Karatasi imekauka kidogo, imesinyaa. Hiyo ndiyo hali yake leo. Ukiivuta itakutii maadamu umeishika, na ukiiachia itarudi ilivyo, na picha itakuwa imeharibiwa na mkono wako. Sogeza alama."

Nilikuwa mbishi, mwanangu. Nikamwambia, "Alama haisogezwi. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha kwamba karatasi isitoke kwenye alama. Sikukuambia kwamba alama ameiumba Mungu. Niliichonga mimi."

Akaenda akaifunga radiata. Akachukua patasi yake ndogo, akaondoa upande mmoja wa ile kona kwa unene wa unywele, na upande wa pili akabandika kibanzi chembamba cha mbao. Akailaza karatasi, akaisugua, akaiinua. Bluu ilikuwa imekoma pale mgongo wa samaki unapoanzia.

"Ni unywele tu," akaniambia. "Ukisogeza kidole kizima, huna alama tena. Usiposogeza kabisa, huna picha."

Ujue kwamba mzee yule hakujua neno la Kiswahili zaidi ya asante. Mabishano yetu yote yalimpita kama mvua ya nje. Alikuwa akizungumzia karatasi, kwa sababu karatasi zilikuwa zinaharibika. Mimi ndiye niliyesikia kingine.

"Huyu muzee anamugombeza nini?" maman Kabwe akanong'ona.

"Anasema dada asivute karatasi," Mwajuma akamtafsiria.

"Ah bon?" Maman Kabwe akamtazama mzee Morita kuanzia kichwani hadi miguuni. "Na amejuaje?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, na Hamisi akacheka, nami nikajikuta ninacheka huku machozi yananitoka. Mzee Morita alitutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ubao wake.

Nilipopata pumzi niliweka baren chini. Nilijiuliza unywele wangu ni upi. Kumzuia Hamisi ilikuwa ni kumvuta. Ningeweza, kwa sababu alinipenda na angenitii, lakini angenitii maadamu nimemshika. Kumwachia tu aende, kana kwamba shule haikuwa kitu, ilikuwa ni kusogeza kidole kizima.

"Nenda kiwandani," nikamwambia.

Mjomba akapiga makofi.

"Ngoja, mjomba. Nenda, Hamisi, lakini ujiandikishe masomo ya jioni. Huo mwaka uliobaki uumalize, hata ukikuchukua miaka. Mimi sitakuuliza umefikia wapi. Ila ujue kwamba unadaiwa mwaka."

Hamisi alifikiri. "Nakubali. Na mimi nina sharti."

"Lipi?"

"Mwajuma akimaliza shule, wewe unarudi darasani. Nitalipa mimi. Unaanzia pale pale ulipoachia."

Nikacheka, maana nilidhani anatania. Maman Kabwe akaniwekea mkono begani. "Usicheke, Zaina. Jibia mutoto. Sisi ni bashahidi hapa."

Nikamwangalia Hamisi nikaona hatanii. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kijana yule hakuwa akiikimbia shule. Alikuwa amenitazama miaka yote ile, akiniona nje ya picha, na hakupenda.

"Sawa," nikasema, mbele yao wote.

Ninayakumbuka mengi ya miaka ile. Harufu ya gundi ya mchele asubuhi. Mjomba akipiga honi nje alfajiri kumchukua Hamisi, na majirani wakimtukana kwa Kifaransa na Kiflemi naye akiwaamkia kwa Kirundi. Hamisi akirudi na mkebe wa chakula, ameniachia mimi dada yake kipande cha chokoleti ndani yake kana kwamba mimi ndiye mtoto. Majira ya baridi ya kwanza alikwenda masomo ya jioni. Majira ya baridi ya pili alianza kulala ndani ya tramu mpaka mwisho wa njia, na dereva akimwamsha, darasa limekwisha. Akaacha.

Mikono yangu iliniwasha kumvuta, mwanangu. Kila mwaka, shule zilipokuwa zikifungua usajili, nilimkumbusha mara moja, kisha nikanyamaza. Alioa. Akapata watoto. Akanunua nyumba Forest, si mbali na kiwanda. Mwajuma alimaliza shule akawa muuguzi. Mjomba alistaafu, kisha tukamzika. Mimi nikaendelea kumkumbusha Hamisi mara moja kwa mwaka, naye akiitikia, "Nimesikia, dada," na kuninong'oneza watoto wake wasisikie, "Nimechoka, dada."

Kisha kiwanda kikafungwa. Unajua jinsi ilivyokuwa. Wengi wenu mna baba au mjomba aliyerudi nyumbani siku ile na begi lake. Wanaume wa umri wa Hamisi walikaa mbele ya televisheni hawajui mikono yao waiweke wapi. Yeye, na ndevu zake zilizoingia mvi, alikwenda kujiandikisha masomo ya jioni. Mimi hata sikujua. Mwaka ule sikuwa nimemkumbusha, niliona aibu kumwongezea mtu mzigo. Kiangazi kilichopita alikuja karakanani akaweka cheti juu ya meza yangu, katikati ya burashi zilizolowa. Nilikiondoa haraka kisilowe. Kisha nikabandika maji ya chai.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyeachiwa wadogo zako ungali mdogo, nisikilize. Kusimama imara ni jambo jema, na usimruhusu mtu akucheke kwa hilo. Wadogo zako wanahitaji mahali pamoja pa kurudi, pale pale, leo na kesho, waweze kuanza kila jambo upya wakijua walipo. Uwe mahali hapo. Lakini usisahau kwamba wewe umewekwa kwa ajili ya picha. Picha haikuwekwa kwa ajili yako. Mtoto akibadilika, kwa sababu ya umri, au ugeni, au uchungu ambao hakukuambia, usimvute kwa nguvu ili akufikie ulipo. Atakuja, kwa sababu anakupenda, na atachanika pembeni ambapo hutaona. Jitazame wewe kwanza. Tafuta unywele unaoweza kusogea bila kuacha kuwa wewe, na usogee. Wala usiache kila kitu kiende ukasema ni upole. Na neno ulilosema mara moja kwa utulivu, liache. Mtu anaweza kulibeba miaka mingi kabla ya kupata mahali pa kuliweka.

Na jambo la mwisho, ambalo ni gumu kwangu kukushauri. Wadogo zako wanakuona. Usidhani kwamba kwa kuwa hujipaki rangi hawakuoni. Wakitaka kukupa kitu, kipokee.

Ninasema ni gumu kwa sababu Mwajuma alimaliza zamani, na mimi bado sijarudi darasani. Kwanza mzee Morita aliugua, nikamuuguza mpaka siku yake ya mwisho. Kisha karakana ikabaki mikononi mwangu, na kila mwaka kulikuwa na karatasi zilizoloweshwa zisizoweza kungoja. Hamisi alipoleta cheti chake hakuitaja ahadi yangu. Alikunywa chai, akaaga, na alipofika mlangoni akageuka.

"Dada, darasa la sita mlikuwa mmefika wapi katika hesabu?"

Nikafikiri. "Kwenye sehemu. Nusu, robo, theluthi."

"Bon," akasema. "Hazijabadilika."

Mungu akulindie wadogo zako, mwanangu, awape nyumba zenye kicheko na akupe wewe usingizi wa mtu aliyefanya alichoweza. Akujaalie mkono mwepesi na watu wa kukuambia ukweli. Nami aniongezee umri na ujasiri kidogo, maana usajili uko wazi mpaka mwisho wa mwezi huu, na Hamisi bado ananidai.